Dude Likitoka Nam Lolwe

Kinyozi wetu wa Nyalenda, hapa Kisumu, ana runinga ambayo haizimwi. Jumamosi moja ilikuwa inaonyesha dude refu kama ghorofa thelathini likikanyaga mji wa ng'ambo, watu wanatimua mbio, ndege za kivita zinalimiminia makombora. Kinyozi akazima mashine, mimi nimenyolewa upande mmoja tu, akauliza: "Na likitoka hapa ziwani, je?" Mabishano yaliyofuata yalinichelewesha saa nzima, na karibu kila jibu lilitoka kwenye filamu. Haya ndiyo yaliyorudiwa sana.

Dhana: Limelala chini ya ziwa tangu enzi na enzi

Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, limetanda, halikuchimbika. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 68,800, lakini hata pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Dude la mita 100 likisimama hapo, kichwa na mabega viko nje, na wavuvi wa omena wangekuwa wanalitumia kama alama ya njia. Ghuba ya Winam, inayofika Kisumu, ina maji machache zaidi. Huku lingekuja likitambaa.

Kisha kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni: ziwa hili liliwahi kukauka. Wanasayansi waliochimbua tope la chini yake wanasema ni takriban miaka 15,000 iliyopita. Anayedai mnyama wake amelala humo miaka milioni atueleze alijifunika nini maji yalipoisha. "Alijificha kwenye magugu maji," alisema kijana mmoja, na watu wakacheka, ingawa aliyewahi kuona boti zimekwama bandarini kwa sababu ya mmea huo hacheki sana.

Dhana: Litatembea mjini likibomoa majengo

Mchukue kiboko wa Dunga, ufuoni mwa Kisumu. Mwongeze urefu mara 10, upana mara 10, kimo mara 10. Uzito wake hauongezeki mara 10, unaongezeka mara 1,000: tani moja na nusu inakuwa tani 1,500. Lakini unene wa mfupa wa mguu, ukiukata kama muwa ukautazama ule mviringo, umeongezeka mara 100 tu. Kwa hiyo kila kipande cha mfupa sasa kinabeba mara 10 ya mzigo wake wa zamani. Galileo aliandika hesabu ya namna hii mwaka 1638, na hakuna aliyeipangua mpaka leo. Ndiyo maana tembo ana miguu kama nguzo, na nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote, anaishi majini ambako maji humbeba.

Dude letu basi lingefika ufuoni, lingeinua kifua, na hapo hapo lingekaa kwenye matope, mifupa inapasuka, mapafu yanabanwa na uzito wake lenyewe. Oginga Odinga Street haliioni. Hatari iliyobaki ni wimbi la kuanguka kwake, na sisi.

Dhana: Watu watakimbia ovyo, wakikanyagana

Hapa ndipo filamu zinapodanganya zaidi. Watafiti wa majanga, akina Enrico Quarantelli, walitumia miaka mingi kuwahoji watu waliopitia mafuriko, mioto na matetemeko, wakakuta kwamba taharuki ya kukimbia hovyo ni nadra. Watu hutafuta jamaa zao, huinuana, hubebana. Na wengi husogea karibu.

Tazama historia yetu wenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, mlio wa kwanza ulikuwa mdogo. Watu waliokuwa maofisini wakaenda madirishani kuona kuna nini, kisha bomu lenyewe likalipuka, na wengi waliumizwa macho na nyuso kwa vioo. Januari 2009 pale Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lilianguka, umati ukakusanyika kuteka, moto ukaua zaidi ya watu 100. Julai 2021 ikawa Malanga, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia: watu 13. Siwacheki waliokufa. Umaskini nao ulikuwa na mtungi mkononi siku hizo. Ninachosema ni kwamba miguu yetu ilielekea upande gani.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Jioni moja kiboko alitoka majini karibu na Dunga akasimama kwenye nyasi, umbali wa kama magari matatu kutoka barabarani. Kiboko ni mnyama anayeua, kila mtoto wa Kisumu anajua. Ndani ya dakika kumi kulikuwa na bodaboda zaidi ya ishirini, mama mmoja na beseni lake la njugu akiuza, na jamaa aliyempa kiboko mgongo ili ajipige picha naye. Mzee mmoja mvuvi alipaza sauti, "Omera, rudi nyuma!" Yule jamaa akajibu, bila kugeuka, "Ngoja kidogo mzee, haijatoka vizuri." Mnyama alirudi majini kwa hiari yake. Na mimi, kabla hujaniuliza, nilikuwa wapi? Nilikuwa nimepanda juu ya jiwe nione vizuri.

Siku ya dude, barabara ya kwenda Ahero itakuwa nyeupe. Ya kwenda Dunga ndiyo itakayofungana, na bodaboda watatoza mia mbili badala ya hamsini.

Dhana: Jeshi litalimaliza kwa dakika tano

Atakayefika kwanza ni chifu, kisha polisi, askari wa KWS, lile shirika la wanyamapori, Msalaba Mwekundu na gari la zimamoto la kaunti. Jeshi si la kujiitia tu. Kifungu cha 241 cha Katiba kinaliruhusu lisaidie mamlaka nyingine wakati wa dharura au janga, na likishaitwa lazima Bunge la Taifa liripotiwe. Kazi yenyewe ingekuwa zaidi kuzuia watu na kubeba majeruhi kuliko kurusha makombora.

Na bunduki si dawa ya kila mnyama. Mwaka 1932 Australia ilituma wanajeshi wenye bunduki za rashasha kupambana na emu, ndege wanaofanana na mbuni, waliokuwa wanaharibu mashamba ya ngano. Emu walitawanyika vikundi vikundi, risasi nyingi zikapotea bure, wanajeshi wakarudi kambini. Bomu la nyuklia nalo msilitaje: Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kazi mwaka 2009, unazifunga nchi zilizomo, Kenya ikiwemo, zisiwe na silaha hizo.

Dhana: Kila mtu ataliona kama adui

Waulize watu wa Nyakach. Chatu aliyeitwa Omieri hakuwa adui wa mtu. Wazee walimhusisha na mvua na mavuno. Alipoungua moto mwaka 1987 alipelekwa kutibiwa, na alipokufa wengi walihuzunika kama wamefiwa. Mwaka 2003 chatu mwingine alionekana kijijini Wasare, amejiviringa juu ya mayai. Watu wakampa jina lile lile, wageni wakafurika, na lilipotajwa wazo la kumhamisha, wanakijiji wakapinga.

Kwa hiyo usishangae dude likipewa jina kabla ya jua kutua. Atakayependekeza lipigwe atakuwa na watu wa kuwajibu, na mwaka huo mvua ikinyesha vizuri, ndiyo basi tena.

Dhana: Likifa, mambo yamekwisha

Mambo ndiyo yanaanza. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyamapori, ila kuna jedwali la wanyama wanaohusika. Tembo yumo, simba yumo, mamba yumo. Dude halimo. Wakili atakayepata kesi hiyo atajenga.

Kisha kuna mzoga. Mwaka 1970 huko Oregon, Marekani, nyangumi mmoja alikufa ufuoni na wakuu wakaamua kumlipua kwa baruti, takriban nusu tani. Minofu ilinyesha juu ya watazamaji, na pande moja likaponda gari lililoegeshwa mbali. Huyo alikuwa wa tani chache tu.

Lakini sisi tuna uzoefu wetu. Mbuta, yule samaki mkubwa, aliletwa ziwani na binadamu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Akakua kufikia mita mbili, akala fulu, samaki wadogo wa ziwa hili, mpaka aina nyingi mno zikatoweka. Uvamizi kamili, na hakuna aliyekimbia. Viwanda vikachukua minofu vikaiuza Ulaya, akina mama wa mtaa wa Obunga wakachukua kichwa na mifupa, wakakaanga, wakaita mgongo wazi, wakasomeshea watoto.

Kinyozi alinisikiliza mpaka hapo, akawasha mashine, akanigeuza upande uliobaki. "Sawa," akasema. "Sasa niambie, karai la kukaangia mgongo wa huyo litatoka wapi?"