Kutoka Kenya kwenda Kenya: kwa nini pasipoti haikupi kazi?

Lubumbashi, huku Kongo ya Kinshasa, tuna Kenya yetu. Ni komini, yaani mtaa wenye utawala wake, ina soko kubwa, na mpwa wangu anayechomelea vyuma amezaliwa humo humo. Juzi aliniuliza swali lililonichekesha kwanza, halafu likanikalisha kitako: "Mjomba, Kongo sasa iko ndani ya Afrika Mashariki. Mimi wa Kenya hii, siwezi kupanda basi nikafanye kazi Kenya ile?"

Kupanda basi anaweza. Kufanya kazi ni habari nyingine.

Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, na mwaka uliofuata Kenya ikaacha kuwadai Wakongomani viza. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mgeni hukaribishwa sebuleni, lakini haingii jikoni kufunua sufuria. Muhuri wa mpakani unakuweka sebuleni: tembea, salimia ndugu, nunua bidhaa, rudi kwenu. Juu ya mshahara hausemi kitu.

Habari za mshahara zimo katika Itifaki ya Soko la Pamoja, makubaliano ya Jumuiya hiyo, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010, sisi tukiwa bado nje. Kifungu cha 10 kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kufuata kazi kwa jirani. Ukiishia hapo unaweza kufunga mizigo, ila viambatisho ndivyo vyenye mambo. Kila nchi iliorodhesha aina za kazi inazozifungua. Kazi za serikali, kwa kawaida, hazimo. Na aliyepata kazi ya zaidi ya siku 90 anatakiwa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kontra (mkataba wa kazi) isainiwe. Wahusika wa nchi ile nao wana siku 30 za kulishughulikia ombi. Angalia mpangilio huo: kontra inatangulia, kibali kinafuata.

Ni kwa sababu kibali hakimtazami mtu peke yake, kinaitazama ile kazi. Serikali inataka kujua kama hakuna mtoto wa nyumbani anayeweza kuifanya. Kwa kibali cha Daraja D, ambacho Kenya kwa kawaida huwapa wageni walioajiriwa, ni lazima ionyeshwe kwamba ujuzi huo ni adimu nchini na kwamba kuwepo kwako kutaifaa nchi. Jina la mwajiri linaambatana nacho. Ukihamia kwa tajiri mwingine, unaanza kuomba upya.

Kwa hiyo komisionere, yaani dalali, anayekuuzia "kibali cha Nairobi" hapa mjini, bila kukuuliza utafanya kazi kwa nani, anakuuzia karatasi tu. Swali la mwajiri ndilo la kwanza. Asipoliuliza, chukua begi lako uondoke.

Na tusijifanye tunaonewa. Hapa kwetu pia, kwa sheria ya kazi ya 2002, mgeni anahitaji kadi ya kazi, na idadi ya wageni ambao kampuni inaweza kuwaajiri ina kikomo. Tunapowaona wageni wakishuka kwenye magari ya migodi, sisi ndio wa kwanza kunong'ona: hawa wana karatasi? Fundi wa Nairobi naye atanong'ona hivyo hivyo akimwona mpwa wangu. (Mji wenyewe umejengwa na wageni: Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji, ilileta vibarua kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Rwanda, na wajukuu wao leo ndio sisi wenyeji.)

Mpwa wangu ameniachia diploma yake. Imeandikwa Kifaransa, na Kenya wanataka tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Nimemwambia hilo lisimsumbue kwanza. Atafute karakana itakayomwandikia kontra. Ameniuliza kama ya hapa komini ya Kenya inakubalika.