Utele wa ndani: maana yake, na namna ya kuutafuta katika Maandiko

Utele wa ndani ni hali ya moyo ulioshiba kwa Mungu, hata kupata hakuulevyi na kukosa hakuuvunji. Si jina jingine la mafanikio, wala si kujiliwaza kwamba unacho ilhali huna. Mwenye njaa bado anahitaji chakula. Ila hofu ya kupungukiwa haimtawali, na mkono wake haufumbi hata akiwa na kidogo.

Ndiyo hali anayoieleza Paulo katika Wafilipi 4:11-13. Aliandika akiwa kifungoni, akasema amefundishwa "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa". Maneno mashuhuri, "nayaweza mambo yote", yanafuata hapohapo. Ukiyachomoa peke yake yanageuka ahadi ya kushinda kila shindano. Yarudishe mahali pake uone kwamba njaa nayo ni mojawapo ya hayo mambo yote. Na aya ya 19, ya Mungu kuwajaza kila wanachohitaji, iliandikiwa watu waliokuwa wametoka kutoa: walimpelekea Paulo msaada kwa mkono wa Epafrodito.

Usomaji unaofaa hapa ni wa polepole. Kanisa la Magharibi huuita Lectio Divina, Kilatini cha "usomaji wa kimungu", na katika karne ya 12 Guigo II, mtawa wa shirika la Wakartusi, aliueleza kama ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia mbele za Mungu.

Tenga dakika ishirini na aya chache, tuseme Zaburi 23, ambayo yote ni aya sita. Isome yote kwanza. Irudie kwa sauti ya chini mpaka neno moja likushike. Likiwa ni "sitapungukiwa", usikimbilie kuitikia amina. Jiulize unaogopa kupungukiwa na nini hasa, ukitaje: kodi, afya, heshima mbele za watu. Kisha endelea. Aya ya 4 iko katika bonde la uvuli wa mauti, na meza ya aya ya 5 imeandaliwa machoni pa watesi. Shibe ya zaburi hii haingoji hatari iishe. Ombi linalotoka hapo huwa la kweli, hata likiwa la kulalamika. Liseme lote, ndipo unyamaze.

Wengi huharibu kwa kuruka ombi hilo: hutoka kwenye kutafakari wakaenda moja kwa moja kutafuta utulivu, wakakosa vyote viwili. Wengine hupima kwa hisia za asubuhi moja. Afadhali utazame, baada ya majuma kadhaa, kama wivu umepungua na kutoa kumekuwa kwepesi. Kosa baya zaidi, kwa maoni yetu, ni kumhubiria mhitaji utele wa ndani ili asiombe msaada. Yakobo 2:15-16 inamkemea waziwazi anayemwambia ndugu mwenye njaa akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu.