Mafia: kiapo cha damu, jela, na mambo tunayoyaelewa vibaya

Kuna watu mpaka leo wanasema ile sherehe ya kumwapisha mtu anapoingia Mafia, mtandao wa wahalifu wa Italia na Marekani, ni mambo ya muvi tu. Ipo kweli. Joe Valachi, mwanachama wa Mafia ya Marekani, aliieleza mbele ya maseneta wa Marekani mwaka 1963, yeye mwenyewe aliapishwa 1930, watu bado wakabisha, mpaka Oktoba 1989 wapelelezi wa FBI wakatega vinasa sauti kwenye nyumba moja Medford, Massachusetts, wakairekodi sherehe yote. Kule Sicily, kisiwa cha Italia, kidole kinatobolewa, damu inapakwa kwenye picha ya mtakatifu, picha inawashwa moto na anayeapa anaishika mikononi ikiwaka huku akitamka kwamba nyama yake iungue hivyo hivyo siku akisaliti.

Kinachonikera zaidi ni hii imani kwamba damu ile ndio inafunga mdomo. Hapana jamani, ni woga. Tommaso Buscetta, mtu wa Mafia ya Sicily, aliapa kama wenzake, lakini wanawe wawili walipopotezwa 1982 na kaka yake akauawa mwaka huo huo, 1984 akakaa na jaji Giovanni Falcone akamwaga kila kitu, hadi jina lenyewe, maana wao hawajiiti Mafia, wanasema Cosa Nostra, yaani kitu chetu. Kesi ikaanza Palermo Februari 1986, washtakiwa 475. Na wale wanaosema eti Mafia wana heshima, watoto hawaguswi, wamsome Giuseppe Di Matteo, alitekwa 1993 akiwa bado mtoto kwa sababu baba yake kawataja wenzake kwa serikali, wakamficha zaidi ya miaka miwili halafu wakamnyonga na mwili wakauyeyusha kwenye asidi. Heshima gani hiyo?

Sasa jela. Watu wanadhani bosi akifungwa kaisha. Raffaele Cutolo alianzisha genge lake la Camorra, yaani Mafia ya Naples, akiwa ndani ya gereza la Poggioreale, Naples, akaajiri vijana humo humo selo. Gereza la Ucciardone pale Palermo ndio usiseme, 1954 jambazi Gaspare Pisciotta aliwekewa sumu ya strikinini akafia ndani, na Mei 1989 Vincenzo Puccio, bosi aliyekuwa anapanga kumpindua Totò Riina, bosi mkuu wa Mafia ya Sicily, alipondwa kichwa na kikaango cha chuma akiwa amelala. Wafungwa wenzake wa selo, ndio waliomuua, wakasema ulikuwa ugomvi tu wa wao kwa wao. Ila siku hiyo hiyo kaka yake Puccio akauawa huko nje, na hapo uongo wa ugomvi ukafa maana amri ilikuwa moja, na wale wauaji wakajua wametolewa kafara na bosi wao Riina. Mmoja wao baadaye akageuka shahidi wa serikali.

Ila wengine wanaruka upande wa pili, eti jela haiwafanyi kitu kabisa. Hilo nalo si kweli. Jaji Falcone alilipuliwa na Mafia 23 Mei 1992, jaji mwenzake Paolo Borsellino 19 Julai, na Italia ikaanza kuwabana mabosi kwa kifungu cha 41-bis cha sheria ya magereza: ndugu anakuja mara moja kwa mwezi, saa moja, mnaongea kioo kikiwa katikati, barua zinasomwa. Kinabana kweli kweli, kwa sababu kazi ya bosi ni kutuma maneno, na ukimkatia njia ya maneno umemkatia kazi. Bernardo Provenzano, bosi mwingine wa Sicily, aliongoza kwa vikaratasi vidogo vilivyopigwa taipu, akiwa mafichoni miaka zaidi ya 40, mpaka walipomkamata 2006.

Na Riina, aliyekamatwa Januari 1993 na hakutoka tena mpaka kifo chake Novemba 2017, mwaka 2013 akiwa gereza la Opera, Milan, kwenye saa yake ya kutembea uwanjani alikuwa anamsimulia mfungwa mwenzake jinsi walivyomuua Falcone, anajisifu kabisa, na kinasa sauti kilikuwa kinachukua kila neno.