Kabla hujashika kamera, soma inboksi yako kwanza

Karibu kila wiki napigiwa simu na mtu mwenye duka la mtandaoni hapa Kampala na swali huwa ni lile lile, kaka ninunue kamera gani, na tangazo nililipie shilingi ngapi. Mimi huwa sijibu hilo kwanza. Namuuliza hivi, wateja wako wakikuandikia WhatsApp, wanaanza kwa kuuliza nini? Wengi wananyamaza, halafu wanasema ngoja niangalie. Basi hapo ndipo kazi ya tangazo inapoanzia, kamera itakuja baadaye.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza video za matangazo kwa maduka madogo, ya nguo, viatu, vyombo vya jikoni, vitu vya watoto, na wateja wangu wengi wana chumba kimoja kwenye arkedi, yale majengo ya vyumba vingi vya maduka, huko mjini karibu na taxi park (stendi ya matatu, sisi huziita taxi), kisha wanauza Instagram na TikTok na mzigo unapelekwa na boda. Nikiwa mgeni kwenye hii kazi nilikuwa naamini video nzuri ni ile inayopendeza. Leo naamini video nzuri ni ile inayomtoa mteja hofu, na nitawaeleza kilichonibadilisha.

Kuna dada mmoja anauza mashuka. Alinijia na pesa yake akataka tangazo la maana, mimi nikampangia kitu kikubwa: tulikodi chumba kizuri kule mtaa wa Ntinda, kitanda kikubwa, kameraman na taa zake, mapazia meupe yanapepea, muziki wa taratibu, na sekunde nne za kwanza zote ni logo yake inazunguka. Ilipendeza kweli. Laiki zikaja nyingi, watu wakaweka mioyo, lakini simu ya dada ikakaa kimya, oda zilizoingia hazikurudisha hata pesa ya kukodi chumba. Niliumia sana kwa sababu ile ilikuwa pesa ya kununulia mzigo, na aliniamini.

Nikamwambia dada naomba simu yako na daftari. Nikakaa kwenye kistuli dukani kwake saa mbili nzima nikisoma meseji za wateja, moja baada ya nyingine, kila swali naliandika. Nilipomaliza niliona maswali ni matano tu, yanajirudia kwa Luganda, Kiingereza na Kiswahili. Linachuja rangi? Ni pamba kweli? Kitanda changu ni futi tano kwa sita, litafika mpaka chini ya godoro? Bei gani? Na lile la tano ambalo watu hawalisemi moja kwa moja, wanalizungukazunguka: nikituma pesa halafu usilete je?

Hayo matano ndiyo skripti. Ile video ya Ntinda haikujibu hata moja.

Tukarudi kurekodi, safari hii kwa simu yake mwenyewe, Tecno ya kawaida, saa nne asubuhi kwenye veranda ya arkedi ghorofa ya pili ambako mwanga unaingia vizuri bila jua kali. Tukaweka beseni jeupe la plastiki, maji ya moto kutoka kwenye thamosi, sabuni ya unga kidogo, na shuka jekundu, kwa sababu nyekundu ndiyo rangi watu wanaiogopa zaidi. Simu tukaifunga kwenye stendi ikiangalia chini kwenye beseni. Dada akatumbukiza shuka, akalifikicha, akalikamua, akalinyanyua, na maji yakabaki na povu tu, meupe. Hakuna muziki, ni sauti ya maji na honi za taxi kwa mbali. Juu ya video tukaandika maneno manne: "Linachuja? Tazama maji haya."

Niseme na hili kwa sababu ni muhimu kwangu. Tulipokuwa tunajaribu rangi mbalimbali, shuka moja la zambarau lilitoa rangi mpaka maji yakageuka. Dada hakusema tulifiche, aliyatoa yote ya aina hiyo kwenye rafu akayarudisha kwa aliyemuuzia. Ukiweka jaribio kwenye tangazo lazima liwe la kweli, kwa sababu mteja atalirudia nyumbani kwake na beseni lake, na akikuta umemdanganya hutampata tena, na jirani yake pia hutampata.

Baada ya maji, video ikaenda haraka: mikono inavuta pembe ya shuka lenye lastiki na kulivisha godoro la futi tano kwa sita mpaka chini, bei kwa herufi kubwa, halafu boda anakabidhi mfuko na mteja anaufungua, anapapasa kitambaa, ndipo anatoa simu na kulipa kwa MoMo, yaani pesa ya simu. Jumla sekunde 22. Hiyo ndiyo iliuza, na wiki hiyo dada alinipigia akitafuta mtu wa kumsaidia kujibu meseji.

Sasa kwa nini maji yawe mwanzo? Mtu anaskroli kwa kidole gumba akiwa kwenye taxi, akili yake haiko kwako, una sekunde mbili au tatu za kumfanya asimame. Logo haimsimamishi mtu asiyekujua. Bei inaweza, uso wa mtu anayeongea naye unaweza, lakini kinachosimamisha zaidi nilivyoona mimi ni jambo ambalo limeanza na halijaisha, shuka jekundu linaingia kwenye maji meupe na wewe unataka kujua itakuwaje. Jina la duka litakuja mwishoni, na kwa ufupi.

Na usisahau hapa kwetu bando ni ghali. Tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, kabla ya hapo kulikuwa na ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, kwa hiyo watu wamezoea kubana. Video ya dakika mbili ni kumwomba mtu bando lake akutazame wewe. Mimi nakaa kati ya sekunde 15 na 30, na lile jibu kubwa naliweka mbele, ili hata aliyetazama sekunde tano aondoke na kitu.

Wengi pia wanatazama bila sauti, ofisini, kanisani, kwenye taxi. Kwa hiyo kila kinachosemwa kiandikwe, na kiandikwe kwa herufi anayoisoma mama mwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka. Piga video simu ikiwa wima, pikseli 1080 kwa 1920, na maneno yako usiyaweke chini kabisa maana hapo ndipo programu inaweka jina la akaunti, maelezo na vitufe. Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, wanashauri kwa matangazo ya Reels (zile video fupi za wima) uache wazi kama asilimia 14 juu na asilimia 35 chini. Nimeshaona bei nzuri imefunikwa na kitufe cha "tuma ujumbe", mwenye duka analalamika ati watu wanauliza bei na bei iko, kumbe hawaioni.

Hapo kwenye bei nina msimamo. Weka bei. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inawachosha watu, mteja anafikiri utamtazama picha yake ya WhatsApp ndiyo uamue umchaji ngapi. Wenye maduka wananiambia wanaogopa washindani kuona, lakini mshindani wako anashuka ngazi za arkedi na kuuliza bei yako kila siku, anayefichwa ni mteja peke yake. Ukiandika bei, meseji zitapungua kidogo, ila watakaoandika ni wale wanaotaka kununua.

Kuhusu lugha. Kampala Luganda ndiyo inagusa moyo, sitabisha, na mimi nyingi natengeneza kwa Luganda na maandishi ya Kiingereza rahisi. Lakini dada wa mashuka ana wateja Arua, ana wateja Busia, ana Wakongo wanaoishi hapa mjini, ana wake za wanajeshi kambini, na hao wote mnaelewana kwa Kiswahili. Tulirekodi sauti ya pili ya Kiswahili juu ya picha zile zile, kazi ya nusu saa, tukailenga miji hiyo. Serikali ilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, lakini sokoni kilikuwa kinafanya kazi zamani, wenye maduka tu ndio wanakisahau wakati wa kutangaza. Na kwa wateja wa mbali ongeza picha moja: mfuko umeandikwa jina, unapakiwa kwenye basi la usiku. Mtu wa Arua swali lake ni mzigo utafikaje, mwonyeshe basi.

Sasa kulipia tangazo. Facebook hapa ilifungwa Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo wengi wanaingia kwa VPN, programu inayopitisha intaneti yako nchi nyingine. Watu hawafikirii maana yake kwa tangazo. Mtu akiwasha VPN, simu yake inaweza kuonekana iko nchi nyingine kabisa, basi wewe ukiagiza tangazo lionyeshwe kwa watu walio Uganda, huyo jirani yako wa Ntinda anaweza asilione. Ndiyo maana nikitangaza kupitia Meta sehemu kubwa ya bajeti naipeleka Instagram ambayo haihitaji VPN, na lengo naweka watu waanze mazungumzo WhatsApp, kwa sababu wateja wetu wengi hawapendi kujaza fomu kwenye tovuti, wanataka kuongea na mtu. TikTok naiweka kila siku bila kulipia, naiona kama mahali pa kujaribia, klipu iliyosimamisha watu huko ndiyo naichukua naenda kuilipia.

Kujaribu kwenyewe ni hivi. Sibadilishi video nzima, nabadilisha mwanzo tu. Mwili ni ule ule, lastiki, bei, boda, lakini tunarekodi mianzo minne au mitano: moja ya beseni, moja mtoto anaruka kwenye kitanda na shuka halichomoki, moja dada anaongea na kamera, moja inaanza na bei. Zote zinapata bajeti sawa siku chache halafu naangalia vitu viwili. Kwanza, kati ya walioonyeshwa tangazo ni wangapi walifika sekunde ya tatu, hapo najua mwanzo umeshika au haujashika. Pili, kila mazungumzo ya WhatsApp yamenigharimu shilingi ngapi. Laiki siziangalii kabisa siku hizi, Ntinda ilinifundisha. Na tafadhali usiguseguse tangazo kila jioni, mara unapandisha bajeti mara unabadilisha umri, mfumo unahitaji muda wa kujifunza nani wa kumwonyesha, Meta wanasema kama matokeo 50 ndani ya wiki kwa kila seti (kundi la matangazo yanayolenga watu wale wale), na kila ukibadilisha kitu kikubwa unaanza upya. Duka dogo haliwezi kufika 50 likiwa limegawanya pesa kwenye seti sita, kwa hiyo mianzo yote naiweka ndani ya seti moja.

Muziki: akaunti ya biashara tumia ile maktaba ya muziki iliyoruhusiwa kwa biashara. Nilishawahi kuweka wimbo uliokuwa unavuma, tangazo likanyamazishwa katikati ya wiki ya mauzo na pesa ilikuwa imeshaanza kuliwa. Tangu siku hiyo sauti ya maji inanitosha.

Wateja ukiwarekodi waombe ruhusa, kwa maandishi hata ya WhatsApp. Tuna sheria ya kulinda data binafsi ya mwaka 2019, na hata bila sheria, mama aliyenunua shuka hajakuomba umfanye tangazo. Mimi huwa narekodi mikono tu, na mikono inaaminika sana, mtu anaona kucha, anaona kitambaa kinavyojikunja, anajua hii imepigwa leo hapa hapa wala haijatolewa kwenye picha za kiwandani.

Halafu jibu meseji. Nimeona matangazo mazuri yakifia hapa. Mtu amesimama kuskroli, amebonyeza, ameandika "nyabo (yaani mama), futi sita kwa sita iko?" saa tatu usiku, anajibiwa kesho yake saa tano, ameshanunua kwingine. Siku tangazo linaendeshwa, mtu mmoja kazi yake iwe simu, na yale majibu matano yawe yameshaandikwa kwenye WhatsApp Business, ya kubonyeza tu.

Video ikichoka utaiona, gharama ya kila mazungumzo inapanda taratibu na kwenye komenti watu wanaanza kusema "hii tena". Usiitupe, badilisha mwanzo, rudi kwenye inboksi utafute swali jipya. Dada wa mashuka sasa ameanza kuuza mapazia, na nilipofungua daftari tena swali lililojaa lilikuwa moja: usiku nikiwasha taa, watu wa nje wataniona? Kwa hiyo jana saa moja na nusu jioni nilikuwa nimesimama nje uani kwake na simu mkononi, yeye ndani amewasha taa, anatembea huku na huku nyuma ya pazia la kijivu akinipungia mkono, na mimi namrekodi nikiona ukuta, dirisha, na pazia tu.