Fobaifo haikuongezei breki

"Mimi sina wasiwasi, gari yangu ni fobaifo." Nafundisha watu kuendesha pikapu majira ya baridi kali, na maneno hayo nayasikia kila theluji ya kwanza inapoanguka. Kwa kawaida natabasamu na somo linaendelea. Safari hii aliyeyatamka alikuwa amesimama juu ya mtaro huku pikapu yake imelala ubavu humo ndani, na bado alikuwa ananisimulia jinsi fobaifo yake ilivyo kali. Basi naandika mara moja, ili siku nyingine niwe natuma tu hii.

Kila gari la magurudumu manne hufunga breki kwa magurudumu manne. Fobaifo, yaani injini kuzungusha magurudumu yote manne, ni habari ya nguvu ya injini: inakusaidia kuondoka, kupanda mlima, kutoka mahali uliponasa. Ukishakanyaga breki, kilichobaki ni kati ya mpira wa tairi na barafu, na hapo kigari kidogo chenye matairi ya baridi kinasimama wakati wewe unakipita ukikipungia mkono.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mshiko wa tairi (nguvu ya msuguano ukiigawanya kwa uzito wa gari) kwenye lami kavu ni kama 0.7. Kwenye theluji iliyoshindiliwa ni 0.2 hadi 0.3. Kwenye barafu ni 0.1 hivi, na barafu yenye utando wa maji juu yake huweza kushuka hadi 0.05. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kuanzia breki zinaposhika, lami kavu inakutaka mita 14. Barafu ya 0.1 inakutaka karibu mita 100. Hapo sijahesabu ule muda wa kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Punguza mwendo hadi 25, na zile mita 100 zinakuwa 25, kwa sababu ukipunguza mwendo nusu, umbali wa kusimama unapungua hadi robo.

Sasa weka mteremko wa asilimia 10 kwenye barafu hiyohiyo. Gari linavutwa chini kwa nguvu ileile ambayo matairi yanaweza kuizuia, basi. Hakuna kusimama. Utashuka na mwendo ulioingia nao mpaka mteremko uishe au ukutane na kitu. Uamuzi wa mteremko kama huo unafanyika ukiwa juu, gari limesimama, na mara nyingine uamuzi ni kugeuza. Tafuta kwenye hesabu hiyo mahali panapouliza injini inazungusha magurudumu mangapi. Hapapo.

Lakini kinachonikera hasa si kwamba fobaifo haisaidii kusimama. Ni kwamba inakuficha barabara. Pikapu tupu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma ni mbea: ukiondoka tu kwenye barafu, tairi za nyuma zinazunguka bure, mkia unacheza, na wewe mwenyewe unasema aah, leo pabaya. Umepewa taarifa ukiwa na mwendo wa mtu anayetembea. Ya fobaifo inaondoka kimya, imetulia, inafika kilomita 60 kama vile ni kiangazi. Taarifa unaipata kwenye kona ya kwanza au taa nyekundu ya kwanza, na muda wa kuifanyia kazi umeshapita. Ndiyo maana wanafunzi wangu wanaanza na gari likiwa kwenye mbili, yaani injini inazungusha magurudumu ya nyuma tu, hata wakinuna. Na hata ukiwa umeweka nne, jaribu breki mapema: barabara imenyooka, hakuna mtu nyuma, mwendo mdogo, kanyaga kwa nguvu uone ABS (mfumo unaozuia tairi zisifunge unapokanyaga breki) inaamka wapi. Ikiamka mguu ukiwa haujafanya kazi yoyote ya maana, umeshajua barabara ya leo ni ya namna gani.

Akija mwingine akaniambia kwamba basi fobaifo haina kazi yoyote wakati wa kupunguza mwendo, huyo naye nitabishana naye. Ukiachia mafuta, injini inavuta gari nyuma. Kwenye pikapu iliyo kwenye mbili, mvuto huo wote unakwenda kwenye tairi za nyuma, zilezile zilizo nyepesi, na ukishusha gia kwa papara zinaweza kuserereka na kuuzungusha mkia kabla hata hujagusa breki. Ukiwa kwenye 4H (fobaifo ya mwendo wa kawaida) mvuto huo unagawanywa mbele na nyuma, gari linashuka limetulia zaidi. Hiyo ni faida ya kweli. Haifupishi zile mita 100 unapokanyaga breki za dharura. Inalinyoosha gari tu.

Na ina gharama yake. Pikapu nyingi zina fobaifo ya kuweka na kutoa, isiyo na difu ya katikati, ile gia inayoziruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiiweka, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kwenda sawa. Kwenye kona haziwezi kwenda sawa, kwa sababu ya mbele inapita njia ndefu zaidi, kwa hiyo lazima tairi mojawapo liteleze. Kwenye lami kavu utasikia gari linakaza na kugoma, na vyuma vinaumia. Kwenye barafu husikii kitu, ila pua ya gari inataka kwenda moja kwa moja wakati umekata usukani. Kitabu kitakuambia weka kwenye utelezi, toa kwenye pakavu. Barabara halisi ina barafu kivulini, lami kavu juani, theluji chini ya daraja, yote ndani ya kilomita moja. Mimi huweka nne kwenye sehemu iliyonyooka na huitoa kabla ya kona za kubana, lakini nakiri hilo ni zoea zaidi kuliko sheria, na nawajua madereva wazuri wanaofanya tofauti. Lock ya difu ya nyuma, inayolazimisha tairi mbili za nyuma zizunguke sawa, ndiyo sina ubishi nayo: barabara ikiwa imelala upande na tairi zote mbili za nyuma zikaanza kuzunguka kwa pamoja, mkia unakwenda kulekule uliko mtaro. Iache.

Viroba vya mchanga. Uzito hauifanyi pikapu isimame mapema kwenye barafu. Unaongeza mshiko, kweli, na unaongeza vilevile mzigo wa kusimamisha, vinafutana. Unachofanya ni kurekebisha mgawanyo: pikapu tupu imeegemea mbele, ukifunga breki inaegemea mbele zaidi, na nyuma inabaki kama inaelea. Kilo mia moja na kitu hadi mia mbili juu ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo, zinatuliza mkia na kuzipa tairi za kusukuma kitu cha kushikia. Angalia tu usizidishe uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, ukihesabu na abiria. Watu wanavitupa mlangoni kabisa mwa bodi kwa sababu ndiko rahisi kufikia. Ukiweka uzito nyuma ya ekseli unainua pua, na tairi za mbele ndizo zinazogeuza gari. Vifunge, maana kiroba kilicho huru kinakuja kukugongea kioo ukifunga breki. Na yule anayeacha theluji ijae kwenye bodi eti ndiyo uzito: theluji haikai ulipoitaka, inayeyuka, inaganda upya, na ukichomoka barabarani inamrukia aliye nyuma yako usoni.

Kwa pikapu ya kisasa yenye fobaifo na mfumo wa kudhibiti mserereko, sina uhakika kama viroba bado vinastahili mgongo wangu. Kwenye gari la mbili naviweka bila kujadili.

Matairi, hapa ndipo pesa ziende. Lile tairi la kashata (vile vipande vya mpira vilivyoinuka juu ya tairi) kubwakubwa linalowapendeza wenye pikapu limetengenezwa kwa tope na mawe. Kwenye barafu kinachofanya kazi ni mpira laini na vijipasuo vingi vyembamba juu ya kila kashata, siyo kashata lenyewe kuwa kama tofali. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa nyuzi joto zikishuka chini ya 7 hivi. Alama ya M+S pembeni inaeleza umbo la kashata tu, haimaanishi tairi limejaribiwa. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ina jaribio nyuma yake, lakini jaribio hilo ni la theluji, siyo barafu. Kwa barafu, matairi yanayouzwa Ulaya tangu 2021 huweza kuwa na alama yake ya pekee kwenye lebo. Kashata zikibaki chini ya milimita 4, kwangu hilo ni tairi la kiangazi hata kama sheria ya unakoishi inaruhusu chini ya hapo. Na pima upepo asubuhi gari likiwa baridi, baridi inaupunguza.

Breki: kama kuna ABS, kanyaga, shikilia, acha itetemeke. Kupampu ni kwa gari lisilo nayo. Kwenye theluji laini ABS huweza kukuongezea umbali, kwa sababu tairi lililofunga lingejikusanyia theluji mbele yake likajizuia nayo. Bado naitaka, kwa sababu inaniachia usukani. Mkia ukitoka, achia mafuta taratibu, tazama unakotaka kwenda, geuza usukani huko, kisha uurudishe mapema kuliko unavyodhani, maana mserereko wa pili wa upande wa pili ndio unaowamaliza watu. Je, uweke gia huru? Kwa gia za mkono, kukanyaga klachi ni jibu zuri. Kwa otomatiki, wenzangu wengine wanafundisha kusogeza gia iwe huru. Kimantiki wako sahihi. Ila nimewaona watu wakitazama gia badala ya barabara, kwa hiyo siwafundishi wanaoanza.

Kipimajoto cha dashibodi kinapima hewa, siyo lami. Usiku wa anga safi lami inaweza kuganda hewa ikiwa bado nyuzi 3 juu ya sifuri, na madaraja hutangulia kwa sababu baridi inayapiga juu na chini. Watu wanaogopa siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mimi naogopa ya sifuri kamili: barafu ya baridi kali huwa inashika vizuri kuliko ile iliyoanza kulowa. Mfumo wa gari kushika mwendo wenyewe (cruise control), zima.

Ukinasa, hapo ndipo fobaifo inapolipa. Weka 4L (fobaifo ya gia nzito, ya mwendo wa taratibu), mafuta kidogo, zima kwa muda mfumo wa kudhibiti mserereko kwa sababu utakukatia nguvu unapoihitaji, nyoosha usukani, nenda mbele na nyuma bila kuzungusha tairi kwa hasira mpaka zichimbe shimo. Ikishindikana na unasubiri msaada injini ikiwaka, shuka kwanza ufukue theluji kwenye bomba la moshi, kisha ukague tena baada ya muda kama bado inaanguka.