Kima cha Chini Kikipanda: Hesabu za Mwajiri wa Hoteli na Mgahawa

Kima kipya cha chini cha mshahara kikitangazwa, waajiri wengi hulinganisha jedwali la viwango vipya na mshahara wa msingi, wakaongeza tofauti, wakaona wamemaliza. Mkaguzi wa kazi akija, kasoro huikuta kwingine: kwenye saa na kwenye makato.

Chukua mhudumu anayelipwa 105 kwa saa wakati kima ni 100. Ratiba yake ni saa 48 kwa wiki, siku 6. Ila meneja humtaka afike dakika 20 kabla ya zamu kupanga meza, na mgahawa ukifungwa hubaki dakika 25 akihesabu droo ya fedha. Hizo ni saa 4 na nusu kwa wiki zisizoandikwa popote. Malipo yake ni 5,040. Yagawe kwa saa 52.5 alizofanya kazi, unapata 96. Mkataba ni safi, malipo yamevunja sheria, na bado hatujagusa malipo ya muda wa ziada. Andika muda halisi wa kuingia na kutoka, kisha maandalizi na kufunga hesabu yaingie ndani ya zamu.

Makato ndiyo yanayoleta kesi nyingi za bure: sahani iliyovunjika, upungufu wa droo, mteja aliyetoroka bila kulipa, bei ya sare. Mkataba Na. 95 wa 1949 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) unaruhusu makato pale tu sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au uamuzi wa usuluhishi unapoyaruhusu. Chakula na malazi vikihesabiwa kuwa sehemu ya mshahara, thamani yake lazima iwe ya haki. Pombe kali haiwezi kuwa mshahara kabisa.

Kuhusu bakshishi, Mkataba Na. 172 wa 1991, ambao ni wa hoteli na migahawa hasa, unataka mfanyakazi apate mshahara wa msingi kwa vipindi maalumu, awe amepewa bakshishi au hakupewa. Marekani, katika sheria ya shirikisho, huruhusu sehemu ya bakshishi ihesabiwe kuwa sehemu ya kima cha chini. Usiuige utaratibu huo kabla ya kusoma sheria yako.

Sasa gharama. Tuseme mishahara inakula asilimia 30 ya mauzo, na nusu yake inakwenda kwa wanaolipwa kima cha chini. Kima kikipanda kwa asilimia 10, gharama inaongezeka kwa asilimia 1.5 ya mauzo. Lakini msimamizi aliyelipwa 120 dhidi ya mhudumu wa 100 sasa anamzidi mwenzake wa 110 kwa asilimia 9 tu, na ataudai mwanya wake. Ukiwapandisha wote, ongezeko ni asilimia 3 ya mauzo. Kwa biashara yenye faida ya asilimia 6 ya mauzo, nusu ya faida imekwenda. Michango ya mwajiri ya hifadhi ya jamii nayo hupanda pamoja na mshahara.

Kupunguza watu zamu ya jioni ni pupa. Kwanza linganisha mauzo ya kila saa na idadi ya waliopo. Mara nyingi ziada iko mchana, kati ya chakula cha mchana na cha usiku.

Kima kikianza katikati ya kipindi cha malipo, zigawe siku: za kabla kwa kiwango cha zamani, za baada kwa kipya, na zote zionekane kwenye hati ya mshahara.