Gitaa Moja na Sauti Moja Si Mambo ya Kuazima

Nimeambiwa tena. Safari hii ni promota, mtu wa heshima zake, aliyenisikiliza nikipima mitambo kabla ya shoo kisha akaniita kando: "Dada, sauti unayo. Lakini mbona umejichagulia mambo ya Wazungu? Mtu mmoja na gitaa? Lete ngoma, lete wachezaji, wageni wanataka kitu cha Kiafrika." Watangazaji wameniambia hayo. Wanaoandika chini ya video zangu hunifananisha na waimbaji wa Marekani, wakidhani wananisifu. Nimechoka kujibu kwa tabasamu, kwa hiyo leo najibu kwa urefu.

Mwaka 1952, Jadotville kule Katanga, Kongo, mji ambao leo ni Likasi, mpigaji gitaa Jean-Bosco Mwenda alikaa mbele ya kinasa sauti cha Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, akapiga wimbo wake Masanga. Gitaa moja kavu. Hakuna umeme, hakuna bendi. Ukiusikia wimbo huo mara ya kwanza utaapa wapigaji ni wawili. Ni mmoja: dole gumba linatembea kwenye nyuzi nzito, kidole cha shahada kinapiga melodi juu, wala havikanyagani. Kabla ya muongo huo kuisha Bosco alikuwa amefika Nairobi. Edouard Masengo, mpigaji gitaa mwingine wa Katanga, naye alikuja. Vijana wa hapa wakawasikiliza redioni, wakaenda kujaribu wenyewe.

Magharibi mwa Kenya tayari tulikuwa na yetu. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki 1963, ndiye jina ambalo kila mpigaji wa omutibo hulitaja kwanza. Omutibo ni gitaa kavu, sauti, na mtu wa pembeni anayekwaruza chupa ya Fanta kushika mwendo. Pwani kulikuwa na mpigaji gitaa Fundi Konde, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Na kama gitaa lenyewe linakukwaza, nenda Nyanza umtazame mpigaji wa nyatiti. Nyuzi nane mkononi, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mwili wa chombo, na kinywa kinaimba sifa za marehemu, lawama za ukoo na habari za kijiji. Mtu mmoja, bendi nzima. Huyo naye kaiga nani?

Historia naipitia haraka kwa sababu inapatikana kwa anayeitafuta. Kinachonikera zaidi ni wale wanaoikubali halafu wanasema, "Sawa, lakini kordi, yaani zile noti zinazopigwa pamoja, si ni zilezile tatu?"

Kordi ni zilezile. Kinachotofautiana ni mahali neno linapokaa.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kisha ile ya mwisho huanguka laini. Chukua mstari wa wimbo wangu mmoja: "Niazime mwavuli, mvua yaja." Mkazo uko kwenye ZI, kwenye VU, kwenye MVU, kwenye YA. Ile "ja" inatoka baadaye, mkazo ukishapita. Ukikwangua nyuzi zote kwa pamoja, kushuka na kupanda kama wanavyofundisha kwenye video nyingi za mtandaoni, mkono unakudai umalizie mstari juu ya pigo. Hapo ndipo unasikia mwimbaji akisema "yajaa", kavuta silabi isiyotaka kuvutwa ili sentensi ifike pamoja na gitaa. Nyimbo nyingi za Kiswahili za gitaa zinasikika kama zimetafsiriwa hata pale mtunzi alipoziandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, na nadhani sababu kubwa ni hiyo.

Sasa upigaji wa vidole viwili. Dole gumba linagonga besi pamoja na YA. Kidole cha shahada kinaokota uzi mwembamba nusu pigo baadaye, palepale "ja" inapoanguka. Sauti na gitaa vinamaliza pamoja bila mmoja kumburuta mwenzake. Mjomba wangu, aliyenifundisha, hakuwahi kunieleza hivi. Yeye alinizuia tu kuimba mpaka dole gumba liweze kutembea peke yake huku tukizungumza mambo ya shamba. Likisita nikijibu swali, tunaanza upya. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba lile dole lilikuwa likiandaliwa kubeba maneno.

Ndiyo maana studio nimegombana na maprodyuza zaidi ya mmoja. Wanataka nirekodi gitaa kwanza juu ya metronomu, kile kifaa cha kugonga mwendo usiobadilika, halafu sauti siku nyingine. Kwa mitindo mingi ni utaratibu mzuri. Kwa huu unaua kitu, kwa sababu dole gumba huchelewa kidogo neno linapokuwa zito na huwahi kidogo hadithi inapokimbia. Ukilifunga kwenye metronomu, sauti inakuja kuimba juu ya gitaa lisiloisikiliza. Siku hizi narekodi vyote kwa mpigo mmoja, maikrofoni moja kwa kinywa na moja kwa gitaa, na nikikosea narudia wimbo mzima.

Kuna jambo linalonisumbua katika hoja yangu mwenyewe. Mwaka 1950 huko Kapkatet, Bonde la Ufa, Tracey huyohuyo alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, jina walilompa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa gitaa kutoka Mississippi ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Kwa hiyo wakati Bosco anakaa mbele ya kinasa sauti, gitaa la Marekani lilikuwa tayari limeshasikika vijijini kwetu. Mimi pia nimekua na nyimbo za kantri redioni, Jumapili baada ya Jumapili, na siwezi kuukata mkono wangu vipande niseme hiki ni cha Kisa na hiki ni cha Mississippi.

Tena kila ninapowaorodhesha wazee hawa kujitetea, nakuwa nimekubali sheria ya promota: kwamba mwanamuziki wa hapa lazima aoneshe hati ya ukoo kabla ya kupanda jukwaani. Karibu wazee wote waliorekodiwa kwa mtindo huu walikuwa wanaume. Kwa sheria hiyohiyo, mwanamke mwenye gitaa angeambiwa naye hana hati. Je, binti wa Eldoret aliyejifunza kila kitu kwa Mmarekani, akaandika wimbo mzuri kuhusu mamake, wimbo huo ni wa nani? Mimi nasema ni wake. Lakini sijapata namna ya kumtetea yeye na kuutetea urithi wa Mukabi kwa sentensi moja, na sidhani ipo.

Ubishi huu unaingia mfukoni. Mtu mmoja na gitaa akihesabiwa kuwa kitu cha kuazima, anapangiwa kuimba wakati wageni wanakula, kwa malipo ya kusindikiza chakula. Bendi inapewa jukwaa la usiku. Nimeanza kukataa shoo za chakula, isipokuwa mwezi ukiwa mgumu. Badala yake naandaa zangu: ukumbi mdogo, viti vimeelekea mbele, tiketi zinalipwa kwa M-Pesa mapema, naimba saa moja na nusu nikieleza wimbo umetoka wapi. Nasafiri kwa matatu na gitaa mapajani, na watu wanarudi na jamaa zao. Ni kukua polepole, lakini ni kukua.

Kwa wanaoanza, la muhimu ni hili. Ukiandika wimbo, ukauimba na ukalipia studio, una haki tatu: ya mtunzi, ya mtumbuizaji na ya mmiliki wa rekodi. Zinakusanyiwa mirabaha kwa njia tofauti. Wengi wetu tunasajili moja tu na kuziacha mbili. Andikeni pia karatasi na prodyuza kabla ya kurekodi, hata kama ni rafiki, kuhusu nani anamiliki rekodi.

Na kwa fundi mitambo atakayenipokea shoo ijayo: naomba kiti kisicho na mikono, usiweke mwangwi kwenye gitaa, na usipunguze besi ukidhani inanguruma. Hilo ni dole gumba. Maikrofoni ya tatu iwekwe chini upande wa kulia, ni ya mwenzangu anayekwaruza chupa ya soda.